Moyo Uliosikika Kiyeyi

Mimi ndiye niliyekaa na jeneza la Anjeline nyuma ya lori la mume wangu, kutoka Tororo mpaka kwao ng'ambo ya mpaka wa Busia. Nilikaa nalo safari nzima, mkono juu ya kifuniko ili lisiruke kwenye mashimo. Kwa hiyo wanaosema eti ndani yake kulikuwa na kitu kinaendelea kugonga wangekuja kwanza kuniuliza mimi. Hakuna kilichogonga. Wengine wanaongeza kwamba yuko mwanamke wa Kiyeyi aliyemwekea maiti pembe kifuani akasikia. Huyo namjua, nilisimama naye bega kwa bega, na alichosikia nakijua. Nimechoka na midomo ya watu, ndiyo maana nimeona nieleze mwenyewe.

Anjeline alikuwa Msamia, mkunga wa zahanati moja nje kidogo ya mji wa Tororo. Tangu mwaka 1957 alipanga vyumba viwili ukuta kwa ukuta na sisi. Mimi ni Hajara, mke wa Badiru mwenye lori, Mwislamu wa mjini, na mdomo ninao, sikatai. Yeye alikuwa Mkristo asiyekosa kanisa, mpole mpaka unaudhika. Wanangu wawili, Muniru na Habibah, walipokewa na mikono yake.

Ila mikono haikuwa sifa yake. Sifa yake ilikuwa sikio. Alikuwa na pembe ya mbao, fupi, ile ambayo upande mpana unakaa juu ya tumbo la mama na upande mwembamba unakaa kwenye sikio la mkunga. Akishainama hapo, nyumba nzima inanyamaza. Halafu anasema neno moja, "Anapiga," na mama mkwe aliyekuwa amekunja uso pembeni anaanza kucheka. Wanawake walitoka Merikit na Mwello, wengine kwa miguu, kwa ajili ya neno hilo moja.

Ugonjwa wake ulianzia utotoni, kwa homa ya viungo iliyopita na kuacha mlango mmoja wa moyo umeharibika. Miaka mingi hakuna aliyejua. Mwaka 1965 akaanza kuhema kwa kupanda ngazi tatu za zahanati, kisha miguu ikavimba, kisha akawa analala ameketi. Daktari alimwita mumewe Elphas, karani upande wa Kenya, akamwambia mke huyu akishika mimba atakufa. Mwezi haukwisha Elphas akawa ameoa mwingine. Anjeline hakumlaumu. Nilimlaumu mimi kwa niaba yake, na nikikutana naye sokoni Busia mpaka leo namlaumu. Basi ikawa kilichombakia duniani ni ile kazi yake.

Watawa waliomfundisha ukunga ndio waliohangaika kuandika barua, mpaka ikapatikana hospitali London iliyokubali kumpasua. Alipanda ndege Entebbe mwezi wa kumi mwaka 1966. Akarudi Januari, amekonda, na gauni limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Siku ya pili nilimpelekea uji. Tumekaa, anakunywa, mimi namsimulia habari za mtaa, nikaona nasikia saa. Nikatazama ukutani, nikatazama mezani, nikainama nikachungulia chini ya kitanda. Anjeline hakuwahi kuwa na saa ya namna hiyo.

"Ni mimi, Mama Muniru," alisema.

Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa Ulaya. Yeye hakucheka. Akaachama, na ule mlio ukatoka kinywani mwake waziwazi, kidogo na mkavu, ukifuata moyo. Nilimwomba afunge mdomo. Niliogopa, na aibu ya kuogopa nikaiona baadaye.

Alinieleza polepole. Walikuwa wamempasua katikati ya kifua, wakausimamisha moyo wakati mashine ikimzungushia damu, wakaukata ule mlango mbovu na kutia wa kutengenezwa. Huo mpya ulikuwa kizimba kidogo cha waya chenye kipira ndani. Moyo ukisukuma, kipira kinapanda na kushuka, na kila kikifika mwisho kinagonga. Damu isipokuwa nyepesi inagandia kwenye kizimba, na siku hiyo ndiyo mwisho. Kwa hiyo alikuwa na kopo la vidonge, kidonge kimoja kila jioni, maisha yake yote, na kila mwezi aende hospitali kupimwa damu.

Miezi ile mitatu ya kwanza nilikuwa mikono yake. Fupa la kifua lilikuwa halijashikana vizuri, asinyanyue ndoo, asivute mlango mzito. Akitaka kukohoa alikumbatia mto kwanza. Kisu nilimnyang'anya, maana siku alipojikata akimenya viazi alilowesha leso yangu nzima kabla damu haijakoma. Fizi zilitoka damu kwa mswaki tu. Haya yote hakuyalalamikia. Kilichomtesa ni ule mlio. Alikuwa akizungumza anakatiza katikati, anainua kidole, anasikiliza, akiridhika anaendelea pale alipoachia.

"Zamani sikujua kama nina moyo," aliniambia. "Sasa kila ukigonga, nangoja kama utagonga tena."

Kanisani ilikuwa balaa. Watu wakiinamisha vichwa kuomba kimyakimya, watoto waligeuka kumtafuta anayegonga, na mama zao wakahama benchi. Akaanza kusalia nje, karibu na baiskeli za watu, mvua ikinyesha anarudi nyumbani.

Daktari alikuwa amemwambia apumzike mwaka mzima. Zahanati ilishaweka mkunga mwingine, Loy, msichana mwenye adabu, hana ubaya wowote. Anjeline alimsifu Loy kila siku, na kila akimsifu nilijua anaumia. Nilikuwa namwona anavyowatazama wanawake wenye mimba wakipita barabarani kwenda kule.

Mwezi wa nne, mchana mmoja, nilimkuta chumbani kwangu ameinama juu ya gunia la mahindi, pembe sikioni.

"Gunia litajifungua lini, Sista?" nilimtania, nikimwita kama walivyomwita zahanati.

Akainua uso, na haukuwa uso wa kutaniwa.

"Linapiga," alisema.

Alikuwa ameshaweka pembe juu ya meza yake, ikapiga. Ameweka ukutani, ukapiga. Kila alichoinamia kilikuwa na moyo, kwa sababu mlio wa kifua chake ulipanda mifupani na kumjaa masikioni. Nywele zilinisimama. Sikulitumia gunia lile wiki nzima, ingawa mahindi ni mahindi.

Lakini Anjeline hakuwa mtu wa kukata tamaa na kazi yake. Akatafuta njia. Ile pembe haihitaji kushikwa, sikio lenyewe linaibana, mikono yote miwili iko huru. Basi akawa anaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wake wa pili, anapima mshipa wake mwenyewe huku anasikiliza. "Nikisikia milio miwili inayopishana," alisema, "mmoja ni wa mtoto. Kama ninachosikia kinakwenda pamoja na vidole, basi ni mimi peke yangu." Alijaribu kwa jirani yetu mwenye mimba, akasikia miwili, ikapishana kabisa. Alirudi nyumbani anaimba, na kuimba kwenyewe hakuwezi.

Mwezi wa tano, siku ya Jumatano, alifika Edeku, kijana wa Kiteso aliyebeba watu kwa baiskeli, na ujumbe kutoka Kiyeyi. Kuna mwanamke anaitwa Akullo, mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Tangu Jumapili mtoto hachezi. Dada zake wote walizalishwa na Anjeline, na amesema hamtaki mkunga mwingine.

"Apelekwe kwa Loy," nilisema.

Anjeline alikuwa tayari anajifunga kitambaa kichwani. Nikachukua mkoba wake, maana yeye haruhusiwi mzigo, tukapanda basi. Tuliposhuka kulikuwa na mwendo wa miguu kati ya mashamba ya wimbi, yaani ulezi, na mihogo, jua kali, na yeye mbele anakwenda kama hajawahi kupasuliwa. Nilimsikia nikiwa nyuma yake. Mlio wake ulikuwa unakimbia. Nilimwambia apunguze mwendo, akasema akipunguza atachelewa.

Akullo alikuwa amelala mkekani, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, macho makubwa. Mama mkwe wake alisimama mlangoni, mikono ameifunga kifuani.

"Sista, mtoto iko?" Akullo aliuliza.

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Akapiga magoti, akaweka pembe, akainama. Vidole vitatu vikakaa kwenye kifundo. Nyumba ikanyamaza, na katika ule ukimya nilimsikia yeye tu, haraka haraka. Akahamisha pembe. Akahamisha tena. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, nikaiona, halafu nikaona imeacha kuhesabu, na yeye bado ameinama vilevile, muda mrefu, hatikisiki. Kisha akainua kichwa akatabasamu, tabasamu lake la zamani.

"Anapiga," alisema. "Anapiga vizuri."

Akullo akalia kwa furaha. Mama mkwe akapiga makofi, akaenda papo hapo kuliosha jiwe la kusagia, akamwaga wimbi la uji wa mzazi. Tuliondoka na kuku mwekundu, zawadi, nimembeba kwapani mpaka Tororo. Na mtaani nani aliyetangaza kwamba Sista Anjeline amerudi kazini? Ni mimi. Nilipita nyumba hadi nyumba.

Jumamosi Akullo alishikwa na uchungu, wakampeleka zahanati. Loy ndiye aliyekuja kutueleza jioni, amesimama nje, hataki kuketi. Mtoto alizaliwa amekufa. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Alikuwa amekufa siku nyingi, kabla ya Jumatano. Anjeline alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaingia ndani akafunga mlango. Yule kuku alikuwa bado amefungwa mguu pale kizingitini.

Kwao Akullo, mtoto ambaye hakuvuta pumzi haliliwi. Wanawake wazima wanamzika siku hiyohiyo nyuma ya nyumba, bila jina, bila matanga, na mama anaamka asubuhi anafanya kazi zake. Loy alituambia kwamba Akullo alipoanza kupiga ukelele, mama mkwe alimfunika mdomo kwa kiganja. Hakuwa mama mkatili. Alimwambia, "Huyu hakufika. Asiyefika haliliwi." Akamshikilia hivyo mpaka akatulia.

Maneno yakaanza. Wazungu wamemtia Anjeline kitu kinachokula mioyo ya watoto. Msikilizeni, mioyo yote iko mle inagonga. Wenye mimba wakimwona walivuka barabara, wengine wakifunika tumbo kwa leso. Niligombana na watu wanane au tisa, na mmoja nilimmwagia maji.

Baada ya mwezi, siku ya Ijumaa, siku ya soko, Akullo mwenyewe akasimama mlangoni.

"Sista," alisema, "ile siku, ulisikia nini?"

Anjeline alishika kifungo cha juu cha gauni. Nikaona nimsaidie. "Mama, unajua ile mashine yake..."

"Wewe sikuuliza," Akullo alinikata.

Anjeline akafungua vifungo vya gauni, kimoja kimoja, mpaka kovu likaonekana, nene, jekundu, limeshuka katikati ya kifua. Akatoa pembe kwenye mkoba akampa. Akullo hakujua kuishika, akaigeuza geuza, mwishowe akaiweka juu ya titi la kushoto akainama. Alisikiliza muda wa kuchemsha chai.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo hii uliniambia ni mtoto yangu."

"Ndiyo," Anjeline alijibu.

Akullo akaifuta pembe kwa ncha ya leso yake, akairudisha, akaenda zake sokoni. Ijumaa iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Hakula kwetu, hakunywa hata maji. Anaingia, anainama, anasikiliza, anamtazama Anjeline usoni kama mtu anayengoja kitu, kisha anaondoka. Kuku wake alikuwa anataga sasa uani, maana Anjeline alikataa achinjwe. Akullo alimpita bila kumtazama.

Mimi nilitaka mlango ufungwe. Mtu anakuja kukusikiliza kama redio, mpaka lini? Anjeline akasema ana haki. Alikuwa anazidi kukonda, hasikilizi tena habari zangu za mtaa, na Alhamisi hapati usingizi kwa sababu kesho ni Ijumaa. Kisha nikagundua jambo lingine. Lile kopo la vidonge, nikilisogeza kupangusa meza, lilikuwa zito kuliko inavyopasa. Nilimgeukia. Nilimfokea hasa. Nikamwambia watawa wamehangaika, mimi nimebeba ndoo mpaka mgongo unaniuma, halafu yeye anajiua kimyakimya kwa sababu ya mashine iliyomdanganya.

"Haikunidanganya, Hajara," alisema. Alikuwa haniiti jina hilo, siku zote ni Mama Muniru. "Vilikwenda pamoja. Vidole na mlio, pamoja, mahali pote patatu. Nilijua ni mimi peke yangu mle ndani."

"Sasa ulisemaje anapiga?"

"Nilitaka kuwa mkunga tena. Wote walikuwa wananiangalia. Neno likatoka."

Niliondoka. Siku mbili sikusema naye, niliweka ndoo mlangoni pake bila hata salamu na kurudi kwangu nikabamiza mlango. Nilimkasirikia, kweli. Lakini mimi pia niliiona midomo yake ikiacha kuhesabu, nikanyamaza, nikapokea kuku. Siku ya tatu nilikwenda nikakaa mbele yake mpaka akameza kidonge. Ikawa hivyo kila jioni, na nikisahau siku moja, alisahau naye.

Mwaka 1968 ulipoingia Akullo akaacha kuja. Nilishukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Mwezi wa nane, siku ya Jumanne, jua la saa tisa, nikamwona anapanda njia yetu, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Tangu jana haichezi," alisema kabla hajafika.

"Umepita zahanati? Loy yupo."

"Nimepita. Sikuingia. Nataka huyu."

Anjeline alikuwa amesimama mlangoni. Alishika mwimo, na mlio wake ulianza kukimbia mpaka mimi niliyekuwa uani nausikia.

"Siwezi kukugusa kabla sijakwambia," alisema. "Akullo, ile siku sikukosea. Nilijua. Sikusikia mtoto, nilisikia moyo wangu, na nilijua ni wangu, nikakwambia anapiga. Nilikudanganya. Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini nenda kwa Loy."

Nikajiweka katikati yao, maana Akullo alikuwa na mikono ya jembe na Anjeline kupigwa mara moja tu ni damu isiyokoma. Akullo hakusogea.

"Nilijua," alisema. "Ile siku niliona uso yako. Ijumaa yote nakuja, nangoja useme. Wewe kimya. Mimi nasikiliza, naangalia wewe, wewe kimya." Akapangusa jasho kwa leso. "Sasa umesema. Sikiliza mtoto yangu, na leo sema kweli."

Akaingia ndani, akajilaza mwenyewe mkekani.

Anjeline akapiga magoti. Akasema hajiamini kujipima peke yake tena. Akampa Akullo mkono wake wa kushoto, akamwonyesha mahali pa kuweka vidole, akamwambia, kila ukisikia mshipa unapiga, gonga mkeka kwa mkono wako wa pili. Mimi akaniambia niangalie. Yeye atasikiliza, na kila atakachosikia kwenye pembe atakigonga sakafuni kwa mkono wa kulia. Mikono miwili mbele ya macho yangu, wa Akullo ukigonga moyo wa Anjeline, wa Anjeline ukigonga kile kilichomo tumboni.

Akainama. Mikono ikaanza. Ilikwenda pamoja, hata unywele haukupita kati.

"Ni mimi tu," Anjeline alisema kwa sauti.

Akahamisha pembe juu, upande wa kulia. Pamoja. "Bado ni mimi tu." Akullo alikuwa anatazama bati la paa, machozi yanashuka kuingia masikioni, na kidole chake hakikuacha kugonga mkeka. Nilitaka kusema neno, lolote, la kumpa moyo, na nikajua hivi ndivyo ilivyokuwa kwake Anjeline ile siku ya Kiyeyi. Nilijiuma midomo.

Akaishusha pembe chini kabisa, kushoto, karibu na nyonga. Akafumba macho. Mkono wa kulia ulikaa juu ya sakafu bila kugonga, nikahesabu pumzi zangu tano, sita. Kisha vidole vyake vikaanza, vyepesi, vinakimbia, viwili kwa kimoja cha Akullo.

"Imeachana," nilisema. "Akullo, imeachana! Wako anakwenda mbio!"

Niliruka, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Akullo hakupiga kelele. Alilala palepale, tumbo likasogea mbele ya macho yetu, goti au kiwiko. Lakini kifundo cha Anjeline hakukiachia.

"Huyu ni huyu," alisema, mkono juu ya tumbo. Halafu akakibana kile kifundo. "Na hii ndiyo mtoto ile ya kwanza. Yeye sikuruhusiwa kulilia, hakupewa jina. Iko hapa tu. Sista, hii dawa yako," akaelekeza kidevu kwenye kopo juu ya meza, "unameza?"

Anjeline alinitazama mimi.

"Meza," Akullo alisema.

Anjeline akafungua kopo, akameza kidonge mbele yetu, bila maji.

Tangu hapo sikulazimika kumkumbusha. Mtoto wa Akullo alizaliwa mwezi wa kumi, wa kiume, mikononi mwa Loy. Anjeline hakuzalisha tena, ila alikuwa anakwenda zahanati kukaa kwenye kiti karibu na Loy. Loy akiinua kichwa na kusema anapiga, Anjeline humwuliza, "Umesikia, au unataka kusikia?" Na Loy huinama tena. Kila Ijumaa Akullo alikuja na mtoto mgongoni, akasikiliza, na sasa akanywa hata chai. Sitasema Anjeline alipona. Bado alikatiza maneno akainua kidole. Niliwahi kumwuliza anasikiliza nini hasa, akasema, "Yule mtoto."

Alianguka asubuhi akinawa uso, Desemba 1969, kiharusi. Siku tatu hospitali hakufumbua macho. Nilikuwa nimesinzia kwenye benchi, mchana kweupe, nikaamshwa na ukimya. Nilijua kabla muuguzi hajafika.

Kwao Usamia walimweka uani, jeneza wazi, watu wamuage. Nilikuwa na pembe yake mkobani, nimekusudia azikwe nayo. Akullo alifika na basi la Busia pamoja na mama mkwe wake. Akamtoa mtoto mgongoni, akampa bibi yake, akaninyooshea mkono. Nikampa pembe. Akafungua kifungo cha juu cha gauni la Anjeline, akaweka, akainama, na uani pote watu wakanyamaza. Walionyamaza ndio hao wanaosema mpaka leo kwamba alisikia.

Alisikiliza muda mrefu kuliko siku zote. Akainua uso akanitazama.

"Imenyamaza," alisema.

Akashika kichwa kwa mikono miwili akapiga ukelele. Hakumtaja Anjeline. Alisema mwanangu, mwanangu, mwanangu, mzaliwa wangu wa kwanza, na akaanguka juu ya ukingo wa jeneza. Wasamia walitazamana, hawakuelewa analia nani. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, mtoto mkononi. Safari hii hakumfunika mdomo.